Nakwenda Barbados na Trinidad: naombeni ushauri nisije nikaingizwa mjini

Mama Wawili

Wakuu, habari za leo. Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester mwaka wa sita sasa, kazi yangu uuguzi. Mwenzangu wa wodini ni Mtrinidadi, anaolewa kwao mwezi wa pili na kanialika. Nakwenda na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 19. Siku nne Barbados kupumzika, halafu nane Port of Spain kwenye harusi.

Sasa anayenitisha ni bibi harusi mwenyewe. Kila tukikutana zamu: usivae cheni, usitembee usiku, usipande gari usilolijua. Nikiingia mtandaoni nakutana na hali ya hatari na magenge. Nimekulia Temeke, Kariakoo nimeshachomolewa simu mara mbili, kwa hiyo vibaka siwashangai. Ninachoomba ni yale madogo madogo: simu, pesa, teksi, ufukweni. Wenye bunduki nawaachia polisi wao.

Mtoto wa Likoni

Dadangu, mie nimefanya kazi kwenye meli za kitalii miaka mitano. Bridgetown nimeshuka mara nyingi kuliko Lamu.

Kwanza usizichanganye hizo nchi mbili. Barbados mwizi anangoja ujisahau. Trinidad yuko pia anayekufuata. Kwa hiyo zile siku nne zichukue kama mazoezi.

Ufukweni Barbados utakutana na mapapasi, wale wale wa Forodhani ila wanaongea Kiingereza cha kuvuta. Anakuja mtu na jani la shubiri keshalipasua, hajakusalimu vizuri ute uko mgongoni mwako. "Bure dada, jua kali hili." Akimaliza mabega yote mawili anataja bei. Dawa yake ni kuinua mkono na kusema hapana akiwa bado yuko hatua tano. Akishakupaka umekwisha, utaona haya kutolipa.

Jengine, na hili ndilo linalowala watu wengi: dola. Teksi za Barbados hazina mita. Dereva anasema "forty". Forty gani? Dola ya Barbados imefungwa kwenye ya Marekani tangu 1975, mbili kwa moja. Arubaini yao ni ishirini ya Marekani. Mgeni anatoa noti za Kimarekani arubaini, dereva anashukuru, hajasema uongo hata neno moja. Trinidad ndiyo balaa zaidi, maana dola moja ya Marekani inakaribia saba za kwao. Kabla hujafungua mlango uliza: dola za nani?

Namba za gari: Barbados teksi huanza na Z. Ukiona ZR, hiyo ni daladala yao, nyeupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, muziki juu kama matatu za Buruburu. Nauli dola 3.50 za kwao. Panda bila wasiwasi, begi weka mapajani.

Mzee Kifimbo

Hiyo nauli ya ndege ungenunua kiwanja Kigamboni.

Mtoto wa Likoni

Kiwanja nacho huibiwa mzee, tena mchana na hati juu.

Shemeji wa Bajan

Nimeolewa na Mbarbados, tunakwenda kila mwaka. Mama Wawili, umeuliza madogo madogo, ngoja nikupe langu.

Mwaka wa kwanza tulipanga chumba cha chini pwani ya kusini, karibu na bahari, dirisha la vioo vya kupangana lenye wavu. Joto, tukaacha vioo wazi tukalala. Asubuhi mume wangu anatafuta kaptula yake aliyoitundika kwenye kiti. Haipo. Tukaikuta juu ya ukuta wa uani, imekunjwa vizuri kabisa, mifuko imegeuzwa nje kama masikio ya sungura. Wavu umechanwa pembeni, tundu la kupita mkono. Chini ya dirisha kipo kijiti kirefu kimefungwa waya wa hanga uliopindwa.

Nilicheka kwa hasira. Huo si wizi wa ndoana tunaoujua sisi tangu utoto? Bibi yangu Tanga alikuwa halazi nguo karibu na dirisha hata siku moja, na mimi nimevuka Atlantiki nikaja kuusahau.

Tangu hapo: chumba cha juu, siyo cha chini. Mlango wa kioo wa kibarazani, ule wa kuteleza, usiuamini kufuli lake. Mwenye nyumba mmoja alinikatia mpini wa fagio akaulaza ndani ya reli ya mlango. Hata ukivunja kitasa hauendi popote. Mpini huo nauomba kila ninapofikia sasa. Na ile sefu ya kabatini, itikise kwanza. Nimewahi kuikuta haina hata skrubu moja, unaweza kuondoka nayo kwapani kama tikiti maji.

Mtaa wa Nelson pale Bridgetown usiku achana nao. Oistins Ijumaa usiku kwenye samaki wa kuchoma nenda, watu tele, familia na watoto, ila simu isikae mezani.

Mganda Halisi

Mimi nilikuwa Trinidad Juni 2024, Kombe la Dunia la kriketi la T20, kuwafuata vijana wetu. Tuliumizwa na New Zealand kule Tarouba, timu nzima ikatolewa kwa mikimbio 40 tu. Sitaki kukumbushwa.

Kesho yake tukakodi gari tukaenda ufuko wa Maracas kula mkate na papa. Gari tuliliacha kivulini, mbali kidogo na watu, kwa sababu ya jua. Kurudi, kioo cha nyuma kiko chini vipande vipande. Kilichochukuliwa: begi tupu. Ndani yake mlikuwa na taulo moja la majimaji. Kioo tulilipa sisi.

Kwa hiyo kwenye gari usiache kitu kinachoonekana, hata mfuko wa nailoni. Wenyeji nilioegesha nao siku ya pili walikuwa wanaacha kile kidroo cha mbele wazi ili mwizi aone mwenyewe hakuna kitu. Na magari yakianza kuondoka jioni, ondoka nayo.

Mama Wawili

@Shemeji wa Bajan nimecheka mpaka mgonjwa kaamka. Mpini wa fagio nimeuandika.

Wa Trinidad tafadhali, kutoka uwanja wa ndege tunafika saa tatu usiku. Ni sawa?

Mwanafunzi St. Augustine

Naishi hapa mwaka wa tatu, mimi ni wa Kisumu. Saa tatu usiku si sawa. Badilisha ndege kama unaweza, ufike mchana. Kumekuwa na visa vya magari kufuatwa kutoka Piarco, huo uwanja wa ndege, na watu kuporwa njiani au mlangoni pao. Kama haiwezekani, basi huyo bibi harusi atume mtu unayemjua sura aje awachukue, tena ndani ya jengo, si nje kwenye maegesho. Barabara ya kwenda mjini inapita pembeni ya Beetham, mtaa wenye sifa mbaya. Mkigongwa kidogo nyuma, msishuke kuangalia bampa. Endesheni hadi kituo cha polisi. Namba yao 999, Barbados ni 211.

Teksi halali hapa namba yake huanza na H. Utawaona wenyeji wanapanda magari ya P, ya watu binafsi, wanayaita PH. Mimi mwenyewe hupanda, lakini dereva namjua mpaka kwa mama yake. Wewe usipande.

Watu wanakosea jambo moja. Hali ya hatari iliyotangazwa 30 Desemba 2024 ilitokana na magenge kulipizana visasi, haikuwa vita dhidi ya wageni. Kuna sehemu huna shughuli nazo: Laventille, Beetham, Sea Lots. Uwanja wa Savannah ni mzuri asubuhi, watu wanakimbia na kunywa maji ya dafu. Giza likiingia, toka. Isipokuwa msimu wa kanivali, na mwezi wa pili ndio wenyewe, basi kunajaa hadi usiku.

Kwenye kanivali simu ya bei mbaya ibaki ndani. Beba kiswaswadu na pesa ya siku hiyo, kwenye kipochi chini ya nguo. Umati unarukaruka, umepakwa rangi na tope, mkono wa mtu kiunoni hutausikia.

Halafu salamu. Ukiingia dukani au kwenye maxi, daladala ya huku, bila "good morning" wanakuona huna adabu. Rangi yetu inatuficha mpaka tufungue mdomo, ila ukisalimu unapata watu wa kukuangalia. Mie nimeshaambiwa na mama wa dukani, "mwanangu, yule kijana kofia nyekundu anakufuata, kaa hapa kwanza."

Karani Mstaafu

Hamjamwambia kubwa. Dada, pasipoti. Simu unanunua nyingine. Barbados na Trinidad hakuna ubalozi wetu, wa Havana ndio uko ukanda huo. Na ruhusa yako ya kuishi Uingereza siku hizi ni ya kielektroniki, imeunganishwa na namba ya pasipoti. Ukiipoteza hupandi ndege. Iache chumbani imefungiwa, tembea na nakala, na picha yake jitumie kwenye barua pepe.

Laini yako ya Tanzania yenye M-Pesa nayo iache Leicester.

Na kijana wako asibebe nguo za mabakamabaka ya jeshi. Nchi zote mbili ni kosa kwa raia, hata mtoto. Hata kwetu si ruhusa, lakini vijana wa Uingereza wanasahau.

Mama Wawili (baada ya wiki tano)

Wakuu tumerudi salama, harusi ilifana. Ripoti fupi.

Ndege nilibadilisha, pauni 45, tukatua Piarco saa nane mchana. Mjomba wa bibi harusi alitungoja ndani, kabeba bango lenye jina langu limekosewa. Dereva wa Bridgetown nilipomuuliza "dola za nani?" alicheka sana akasema, "Leo umenikosesha chakula cha jioni."

Shubiri nilipakwa. Nilikuwa nimelala kifudifudi, sikumwona akija. Dola kumi, za kwao.

Mdogo wangu alificha kofia ya mabakamabaka kwenye begi, ofisa wa forodha akaichukua, akamhubiria mbele ya foleni nzima. Mpaka leo ananinunia kama niliyemshtaki mimi.

Kilichoibiwa ni ndala zangu, Maracas, nimeziacha kwenye mchanga nikaenda kunawa. Mpya, za Bata.

Mtoto wa Likoni

Ndala tena! Hata msikitini kwetu huziachi mpya.