Tupeane uzoefu: vituko vya uwanja wa shabaha, iwe mshale au risasi

NguzoYaMalindi

Assalam aleikum wadau, na wale wa hamjambo, hamjambo.

Jana barazani kwetu Maweni mtu mmoja (simtaji, yumo humu anasoma) aliapa kwamba kulenga shabaha ni kipaji cha kuzaliwa nacho, kama sauti nzuri ya kuadhini. Mie nimekaa miaka sita kwenye timu ya burudani ya hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Kila siku saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali, kazi yangu ilikuwa kuwafunza wageni upinde na mshale. Nikamwambia kipaji sijakiona. Nilichokiona ni watu wasiosikia filimbi.

Kwa wasiojua: filimbi mbili, njooni mstarini. Moja, pigeni. Tatu, wekeni pinde chini twende tukang'oe mishale. Tano au zaidi mfululizo, kila mtu aache alichokuwa akifanya, kuna hatari. Ndivyo ilivyo kwenye mashindano rasmi duniani, nami nilikuwa nikiwaimbia wageni kila asubuhi kwa Kiitaliano changu cha ufuoni.

Sasa siku hiyo askari wa getini alikuwa anarudisha basi la wageni kinyumenyume. Fii, fii, fii. Tatu! Wageni wangu saba wakaweka pinde chini, wakaanza kutembea kuelekea kwenye shabaha wakipiga soga. Wa nane, babu mmoja wa Milano asiyesikia vizuri, alibaki mstarini kavuta ugwe mpaka shavuni. Nilipuliza tano, sita, kumi, sijui ngapi, mate yakajaa kwenye filimbi. Babu akateremsha upinde taratibu, akanigeukia kwa adabu zote, akauliza kama chakula cha mchana kiko tayari.

Tangu hapo filimbi niliitupa. Nikatafuta pembe ya kupuliza, nikaambiwa inatisha wageni. Watu wa Lamu, mngenikopesha siwa.

Haya, leteni vyenu. Upinde, bunduki ya upepo, bunduki ya kweli, hata manati sikatai.

PwezaMkavu

Saba kati ya wanane wamesikia, na unalalamika? Mie nikipiga filimbi tatu kwenye matatu yangu hateremki mtu, wanapanda watatu zaidi.

MlinziMstaafu

Nimestaafu ulinzi wa wanyamapori, nalima korosho zangu sasa. Sisi uwanja wa shabaha tuliuita renji, na mafunzo yangu niliyapata Manyani, kwenye chuo cha askari wa wanyamapori.

Kituko cha renji ni kimoja, kinajirudia kila mwaka, hubadilika majina tu. Kuruta anapiga risasi mbili, ya tatu inakwama. Badala ya kubaki ameelekeza mtutu kwenye shabaha na kunyoosha mkono, anageuka mwili mzima: "Afande, hii imekataa!" Bunduki nayo inageuka pamoja naye, kwa sababu ameishika. Sijawahi kuona watu arobaini wakilala kifudifudi kwa pamoja vile, hata msikitini hatuendi chini kwa pamoja hivyo. Aliyebaki wima ni afande. Hakupaza sauti. Alisema, "Kijana, angalia tena ule mlima uliokuwa ukiuangalia." Kijana akaugeukia mlima. Ndipo afande akamfikia kwa nyuma, akaichukua bunduki mikononi mwake kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kilichofuata baada ya hapo hakiandikiki hapa, ila tulikimbia sote, na wasiokosa pia.

Mie mwenyewe nina aibu yangu. Siku moja nilipiga risasi kumi, karatasi yangu ikakutwa na matundu kumi na matatu. Nilijiona shujaa mpaka tulipohesabu ya jirani wangu wa kulia: matundu saba. Alikuwa ananipigia mimi. Mashindanoni risasi ya namna hiyo huhesabiwa kwamba aliyepiga amekosa, lakini sisi alama zilibaki kwangu, na nikala soda yake juu.

Masikio ndiyo msiyafanyie mchezo. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na mlio mmoja tu wa kiasi hicho unaweza kuharibu sikio. Vijana wetu wengine walikuwa wanatafuna karatasi na kuziba nazo. Leo mke wangu akiniita kwenda dukani sisikii. Akisema mahamri yameiva nasikia, lakini hiyo ni habari nyingine.

Na kabla hamjanijaza maswali: hapa Kenya raia hagusi bunduki yake bila cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha. Msinifuate pembeni kuniuliza "mzee, yapatikana wapi".

DerevaWaMbali

Mzee hapo juu umenikumbusha. Mie ni mtoto wa Ganda, huu mwaka wa tisa naendesha malori Texas. Huku uwanja wa shabaha unauingia kama unavyoingia kinyozi. Unaonyesha kitambulisho, unatia sahihi fomu, unasikilizishwa masharti, unakodi bunduki, vifuniko vya masikio na miwani, unapewa njia yako.

Nilikwenda na mke wangu, yeye na buibui lake na mtandio umefungwa vizuri shingoni, mie na shati la maua nililonunua palepale Malindi, vifungo viwili wazi kwa ajili ya maringo. Msimamizi, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, alilitazama shati langu, akaniambia nifunge. Nikacheka. Nilidhani ni mambo ya heshima mbele ya mke.

Bastola ile kila ukipiga, ganda la risasi linaruka nje, na linatoka moto. La nne liligonga ukuta wa ubao uliotutenga na jirani, likarudi, likaingia kifuani. Wadau, nilicheza mwanzele ambao hata Wagiriama wa Kaloleni wangenitunza pesa. Kabla sijafika beti ya pili yule mzee alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu wenye bastola, amekielekeza kule kwenye shabaha, hakiachii. Aliniambia niiweke bunduki mezani kwanza, kisha nicheze nitakavyo. Ikabidi nisimame wima naungua mpaka vidole vikaachia, ndipo nikapasua shati.

Mpaka leo kovu lipo, dogo kama punje ya mtama. Mke wangu akiulizwa na ndugu anasema mtoto wa Ganda ameendewa na ganda Marekani.

Yeye mwenyewe hakuguswa na hata moja. Na alinishinda kwa mbali, maana aliposhikishwa mara ya kwanza alifanya kila alichoambiwa, kidole nje ya kifyatulio mpaka awe tayari kabisa. Mie nilishafunzwa na sinema.

PwezaMkavu

Beti ya pili 😂😂😂 Kaka, picha ya shati tafadhali.

BintiShela

Nguzo, siwa yetu haikopeshwi. Ile ni ya harusi za waungwana, si ya kufukuza Wataliano.

Kisa changu si cha risasi ya kweli. Nilikwenda Mombasa kwa dada yangu ikagongana na maonyesho ya kilimo kule Mkomani. Mna kibanda cha bunduki za upepo: vibofu vimetundikwa ubaoni, unapewa vidonge sita vya risasi, ukipasua vitano unachukua zawadi kubwa. Vijana wamejazana, kila mmoja anapiga kimoja, anakosa vitano, anatoa pesa tena.

Nilisimama nikatazama kwanza. Wote walikuwa wakikosea upande mmoja, kushoto na chini kidogo. Wote! Haiwezekani Mombasa nzima iwe na kengeza la namna moja. Chuma cha kulengea kilikuwa kimepindwa. Zamu yangu ilipofika, kidonge cha kwanza nilikitoa sadaka: nilikilenga kwenye alama ya rangi kwenye ubao, nikaona kimeangukia wapi, nikapima kwa jicho. Vitano vilivyobaki nililenga kulia ya kibofu na juu yake, kama upana wa vidole viwili. Pa, pa, pa, pa, pa.

Yote hayo nikiwa na mwanamume nyuma yangu, simjui hanijui, ananifunza. "Funga jicho la kushoto dada. Shusha pumzi dada. Bega dada, bega." Jicho la kushoto ndilo ninalolengea! Mtu akitaka kujua lake ni lipi, aunganishe viganja abakishe kijitundu katikati, atazame kitu cha mbali kupitia hapo, kisha afumbe jicho moja moja. Likifumbwa lile kitu kikapotea, ndilo hilo. Tafadhalini, kaka zetu, mtu asiyekuomba kumfunza usimfunze, tena akiwa ameshika silaha.

Mwenye kibanda alinyamaza kama aliyefiwa. Zawadi ilikuwa dubu wa manyoya, mkubwa kunishinda. Sasa nimrudishe Lamu. Kwenye basi kondakta akataka nauli yake kwa sababu kakalia kiti. Tulipofika Mokowe nahodha wa boti akamvisha dubu koti la kuokolea, akasema yeye hapakii abiria asiyekuwa nalo. Watu walicheka mpaka gati la Lamu. Watoto wa mtaani kwetu hawajawahi kuona dubu, wakampa jina: punda wa bara.

MlinziMstaafu

Binti, wewe ungekuja Manyani tungekuweka mwalimu.

KobeWaWatamu

Nguzo hujajibu swali lenyewe. Kipaji hakipo? Na wale wazee wa Kiwata, wawindaji wa jadi wa pande za Tsavo, waliokuwa wakiangusha ndovu kwa mshale mmoja walikuwa nini? Au hao huwahesabu kwa kuwa hawakupigiwa filimbi?

MlinziMstaafu

Hao waachie. Watangulizi wetu kazini waliwakimbiza sana Tsavo miaka ya 1950, na walikuwa wakisema wenyewe kwamba mtu wa kumwogopa porini ni Mwata mwenye upinde kwa sababu humsikii. Miaka ya 1960 mradi wa kusimamia wanyamapori wa Galana uliwaajiri baadhi yao wawinde kwa halali. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchi nzima mwaka 1977 wakabaki na hadithi.

NguzoYaMalindi

Kobe, umenichokonoa, na kisa hiki nilikuwa nakificha kwa sababu kilinigharimu.

Hotelini tulikuwa na mzee wa bustani, Mwata kutoka pande za Chakama, amevuka sabini. Miaka yote alifagia majani nyuma ya uwanja wangu bila kusema neno, ila nikianza somo alikuwa anasimamisha ufagio kutazama. Shabaha yetu ilikuwa ile ya sentimita 122, ambayo mashindanoni hulengwa kutoka mita 70. Sisi tuliiweka mita 10 na bado mishale ilikuwa ikiokotwa kwenye asumini.

Asubuhi moja hakuna wageni, nikamwita: "Mzee, njoo ujaribu." Akaosha mikono bombani. Sikuelewa kwa nini. Nikampa upinde, akaugeuza, akaunusa, akaurudisha mkononi mwangu. Kisha akaondoka! Nikadhani kakasirika. Kumbe amezunguka nyuma ya shabaha. Akachungulia juu ya ua wa makuti, na huko kulikuwa na akina mama wawili wa dobi wanaanika mashuka. Akawaamkia, akawauliza habari za nyumbani, akawaomba wasogee upande wa pili wa tangi mpaka atakapowaita. Akangoja mpaka wamesogea. Ndipo akarudi.

Miaka sita, wadau. Mamia ya wageni, na mie mwalimu mwenye filimbi, hakuna aliyewahi kwenda kutazama nyuma ya ule ua.

Akapachika mshale. Nikamwambia, "Mzee, usiachie ugwe ukiwa mtupu, upinde hupasuka." Akanitazama kama ninayemfundisha kula ugali. Akavuta. Sasa pinde zetu za wageni zilikuwa za nguvu ya kuvuta ya ratili 20 hivi, za watu wa likizo. Pinde za Wawata zilikuwa zinapita ratili 100. Mkono wake ulianza kuvuta kwa nguvu aliyoizoea tangu ujana, ukapita shavu, ukapita sikio, ukazidi kwenda, nami nafungua mdomo niseme basi mzee, basi, ukalia kaa! Kipande cha juu kikaning'inia kwenye ugwe kama bawa la kuku. Mshale ukaanguka miguuni pake.

Mzee aliuangalia upinde muda mrefu. Akaniuliza kwa upole wa kweli, "Mwanangu, huu ulikuwa mgonjwa?"

Kisha akapiga kelele juu ya ua, "Mama, rudini kwenye mashuka yenu, tumemaliza."

Upinde nilikatwa kwenye mshahara, kwa miezi miwili. Mwisho wa mwezi wa kwanza mzee aliniletea jogoo, akasema ni nusu yake.

BintiShela

Na upinde uliovunjika uko wapi?

NguzoYaMalindi

Hotelini waliutupa, nikauokota. Kile kipande kirefu nimekifunga kwenye ncha ya upondo wa kuangulia maembe. Kinafika matawi ya juu kabisa, ila mke wangu amekataza mtu yeyote asikitumie mpaka achungulie kwanza nani amelala chini ya mwembe.