Leadville ilipataje jumba la opera?

Swali: Wakuu, napenda sana historia ya kumbi kongwe. Leadville, Colorado, Marekani, ni mji wa machimbo mlimani, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Opera (maigizo ya kuimbwa) ilifikaje huko?

Jibu: Ni madini ya fedha, mkuu. Horace Tabor alikuwa na duka. Mwaka 1878 aliwapa wachimbaji wawili chakula na vifaa kwa makubaliano ya kugawana watakachopata, nao wakaangukia mwamba uliojaa fedha. Tabor akatajirika, na jumba lake la opera, la matofali, ghorofa tatu, likafunguliwa Novemba 1879. Na mwaka 1882 mwandishi Oscar Wilde alihutubia humo kuhusu sanaa, kisha wakamshusha mgodini ndani ya ndoo! Hapo ndipo ninapoipenda Leadville.

Muulizaji: Tabor aliishiaje?

Jibu: Vibaya. Bei ya fedha iliporomoka 1893, akafilisika, akafariki 1899.

Jibu jingine: Wasisahaulike mama mmoja na binti yake walionunua jengo mwaka 1955 lisije likabomolewa. Bila wao tungekuwa tunaongelea picha tu. Tangu 2016 ni mali ya mji.