Laptopu au kompyuta ya mezani kwa nyumbani: tulinganishe kwa vipimo

Mwanamitambo

Wakuu, Mgeni_wa_Kibodi ameuliza achukue ipi ya nyumbani, na mada hii kila ikija huishia pale pale: laptopu inabebeka, ya mezani ina nguvu. Hayo tunayajua. Tuangalie yanayojitokeza mashine ikishafikisha miaka mitatu minne. Matumizi ninayoyasemea ni hati, masomo ya watoto, mikutano ya video, filamu, kuhifadhi picha za simu na kuzirekebisha kidogo. Gemu nzito tuziweke kando.

Naanza na kinachowapotosha wengi: jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kibandiko cha Core i5 kwenye laptopu na kwenye ya mezani hakimaanishi kitu kimoja. Chukua kizazi cha 12 cha Intel. i5-1235U ya laptopu imepangiwa wati 15, na katika viini vyake 10 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) viwili tu ndivyo vya kasi. Vinane ni vya kubana umeme. i5-12400 ya mezani ina viini 6, vyote vya kasi, imepangiwa wati 65 na inaruhusiwa kupanda hadi 117. Kwenye kufungua hati hutaona tofauti. Geuza video ya saa nzima kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, hapo laptopu itaanza vizuri, itapata joto, halafu itajipunguzia mwendo yenyewe, wakati ya mezani inaendelea vilevile. Kwa hiyo soma herufi ya mwisho: U ni ya kubana umeme, H ni ya laptopu zenye nguvu zaidi.

Msimamo wangu: kama mashine haitatoka chumbani, chukua ya mezani.

NyayaTatu

Kwenye prosesa niko nawe mkuu, ila umeuruka umeme. Ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri. Ya mezani inazima hapo hapo, hati ambayo hujaihifadhi imekwenda, na kama Windows ilikuwa katikati ya kujisasisha inaweza kugoma kuwaka. Ndiyo maana gharama ya kompyuta ya mezani lazima ihesabiwe pamoja na UPS, kisanduku cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika.

UPS ndogo ya 650 VA kwa kawaida hubeba wati 360 hivi, maana VA na wati ni vipimo viwili tofauti vya umeme, na mzigo wako uuhesabu kwa wati. Ndani ina betri ya risasi ya volti 12, 7 Ah (ampea-saa), yaani wati-saa 84 kwa hesabu ya karatasi. Kwa mzigo wa wati 100 mtu hutarajia dakika 50. Anapata kama 20, pengine chini ya hapo. Betri ya risasi ikinyonywa haraka haitoi ujazo wake wote, na kugeuza umeme nako kunakula sehemu yake. Dakika hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, si za kumalizia filamu. Betri yenyewe hubadilishwa kila miaka 3 hadi 5.

Usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Kifaa chake cha kuunguzia wino huvuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS inazidiwa na kila kitu kinazima. Halafu UPS nyingi za bei ya chini hutoa wimbi la umeme lenye ngazi badala ya laini, na baadhi ya pawasaplai (kisanduku cha ndani kinachoilisha kompyuta umeme) zenye PFC, saketi ya kurekebisha uvutaji wa umeme, hazilipendi: umeme unakatika, UPS inapokea, kompyuta inazima hivyo hivyo. Lijaribu hilo mapema ukiwa bado unaweza kuirudisha. Hifadhi kila kitu, washa video, kisha chomoa UPS ukutani.

Kwa kazi za aina hii laptopu hula kati ya wati 10 na 25, ya mezani pamoja na monita 50 hadi 90. Anayetumia sola asilipuuze hilo.

Karani

Mimi nasemea shingo na macho, kwa sababu watoto watakaa hapo kwa saa nyingi. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa sentimita 50 hadi 70. Laptopu peke yake haiwezi, kwani kibodi na kioo vimeungana: ukiinua kioo, mikono inaning'inia, ukishusha kibodi, shingo inapinda. Dawa yake ni kiinulio pamoja na kibodi na mausi vya pembeni. Anayelinganisha bei aviweke kwenye hesabu.

Upande wa mezani nako kuna vya kuongeza ambavyo laptopu inakuja navyo: kamera, maikrofoni, spika, mara nyingi na Wi-Fi. Mashine nyingi za mezani zilizotoka maofisini hazina Wi-Fi kabisa. Watu huchomeka kidude cha USB nyuma ya kasha, halafu wanalaumu mtandao. Kasha la chuma linaziba mawimbi. Tumia waya wa USB wa kurefushia ukilete juu ya meza, au vuta kebo ya mtandao moja kwa moja kutoka kwenye ruta.

FeniKuu

Tufike kwenye matengenezo, maana ndiko tofauti kubwa iliko.

Ya mezani ikifa pawasaplai, unaweka nyingine. Maji yakimwagika kwenye kibodi, unabadilisha kibodi. Kwenye laptopu maji hayo hayo yanashuka hadi kwenye bodi kuu, inayobeba sehemu zote. Tundu la chaji likilegea kwa sababu mtu amejikwaa kwenye waya, fundi lazima afungue mashine nzima, na kwa nyingi za USB-C tundu limechomelewa kwenye bodi yenyewe.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vilevile. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM ya LPDDR (aina ya kubana umeme) iliyochomelewa kwenye bodi: ukinunua GB 8, utakufa nazo. Kabla ya kulipa, tafuta namba kamili ya modeli na uone kama ina nafasi ya SODIMM, kadi fupi ya RAM inayochomoleka. Kwa sasa lenga GB 16, na kama nafasi ni mbili weka mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, kwa sababu grafiki ya ndani (sehemu ya prosesa inayochora picha za kioo) inatumia RAM hiyo hiyo na njia mbili huipa upana wa kupitisha data. RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, pengo la katikati halilingani.

Betri ya laptopu hushuka hadi karibu asilimia 80 ya ujazo wake baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500. Kinachoiua haraka nyumbani ni kukaa kwenye chaja siku zote, imejaa, huku kuna joto. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kukomesha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Pedi ya mausi ikianza kuwa ngumu kubonyea au kifuniko cha chini kikibenuka, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena wala kuitoboa, mpe fundi aitoe.

Na jamani, laptopu isiwekwe kwenye godoro. Matundu ya hewa yako chini, nguo inayaziba, prosesa inafika nyuzi 95 na zaidi, kisha mtu anasema "imekuwa nzito ghafla".

Mgeni_wa_Kibodi

Wakuu asanteni. Sehemu yenyewe ni kona ndogo, kasha kubwa halikai. Na ya mezani iliyotumika vipi?

Mwanamitambo

Kuhusu umeme nimemwelewa NyayaTatu: umeme ukiwa wa kukatika kila siku na huna UPS, msimamo wangu wa mwanzo haufai. Kwa kona ndogo kuna mini PC, kasha la kiganja linalofungwa nyuma ya monita. Prosesa zake nyingi ni za laptopu, RAM ni SODIMM, mzigo ni mdogo, hivyo UPS ile ile inaishikilia kwa muda mrefu zaidi. Hasara: kadi ya grafiki haiongezeki.

FeniKuu

Kwa iliyotumika anza na Windows. Msaada wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. i7 ya kizazi cha 4 isikuvutie kwa jina. Labda kama utaweka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows.

Kisha fungua kasha. Yale membamba ya maofisini mara nyingi yana pawasaplai ya umbo na soketi za kampuni yenyewe, ya ATX, yaani ya umbo la kawaida la madukani, haiingii, kwa hiyo hakikisha ya akiba inapatikana. Ikiwa diski ni ya kuzunguka, weka kwenye bajeti SSD, diski isiyo na kinachozunguka. Hata ya SATA, muunganisho wa zamani, husoma karibu MB 550 kwa sekunde dhidi ya 100 hadi 200 za diski hiyo. Kama ni ya M.2, kadi nyembamba inayochomekwa kwenye bodi, soma kwanza iwapo bodi inapokea NVMe (muunganisho wa kasi zaidi) au SATA, maana zinafanana kwa macho. Tarehe ikirudi nyuma kila ukichomoa umeme, hiyo ni betri ya CR2032 tu, ile ndogo ya duara inayotunza saa, isikufanye uiache mashine.

NyayaTatu

Ongeza hili: iwashe dukani, cheza video kwa dakika 20 huku sikio lako likiisikiliza feni. Feni inayokwaruza hubadilishwa kirahisi. Mashine inayojizima yenyewe ndani ya muda huo iache, mpaka muuzaji akuoneshe chanzo.