Ushauri: Kapsuli ya rangi mbili inaweza kufunguliwa ikanywewa bila ganda?

MkongeMrefu
Wakuu habari za jioni. Kuna ndugu yangu anatumia dawa fulani, kapsuli za rangi mbili, moja kila asubuhi. Shida yake ni kumeza. Ikifika kooni inanata kama imepakwa gundi. Anashushia maji bilauri mbili na bado anaisikia imekaa hapa kifuani. Sasa anauliza, akiifungua akamwaga vilivyomo kwenye kinywaji, dawa itafanya kazi ileile au atajidhuru? Lile ganda si la kubebea tu? Naomba wenye uzoefu. Matusi wekeni akiba.

FundiSpana
Mtu anameza tonge la dona saizi ya ngumi, halafu anashindwa kidude kisichofika hata sentimita tatu? Mwambie afumbe macho akifikirie ni nyama.

ShangaziMabawa
Enzi zetu rangi mbili zilifunguliwa kila nyumba, wala hakuna aliyeomba ushauri. Mimi nilijikata na jembe nikiwa darasa la nne. Mama akapasua tetrasaiklini, zile nyekundu na njano, akamwaga unga wote kwenye kidonda akafunga na kipande cha kanga. Siku ya tatu unga umegandana na usaha, mguu umevimba, nikapelekwa zahanati kuoshwa. Nililia mpaka watu wa foleni nyingine wakaja kuchungulia. Kovu ninalo. Kwa hiyo mwanangu, kufunguka zinafunguka. Kama inasaidia, hapo waulize wengine.

MfamasiaWaZamu
Jina la dawa?

MkongeMrefu
Boksi analo mwenyewe, jina silikumbuki vizuri. Ni za mgongo. Mimi nauliza kapsuli kwa ujumla tu.

MfamasiaWaZamu
Kapsuli kwa ujumla hakuna. Zipo zenye unga mtupu ndani, na nyingi kati ya hizo ganda ni chombo tu. Zipo zenye mafuta. Zipo zenye vipunje, na kila kipunje kimevishwa koti lake ili dawa itoke polepole au itokee mahali maalumu tumboni. Hizo ukizisaga au ukizitafuna umevunja kazi yote iliyofanywa kiwandani. Bila jina tutabaki kukisia.

MwanaWaMkunguni
Samahanini, nauliza kando kidogo. Hilo ganda ni jelatini, na jelatini nasikia yatolewa kwa nguruwe. Kuna mwenye yakini?

MajaniNaMizizi
Mgongo huo ni upepo umeingia. Mlonge, tangawizi na asali mbichi, wiki mbili tu. Njoo inbox.

MtotoWaMzeeKombo
Mfamasia anasema kweli kuhusu vipunje. Mzee wangu alipopata kiharusi alikuwa analishwa kwa mpira wa puani. Tukapewa omeprazoli za kapsuli. Dada yangu mjuaji akafungua, akaponda kwa mwiko, akakoroga na uji, akasukuma kwa bomba la sindano. Mpira ukaziba. Tukasukuma maji, wapi. Tukarudi hospitali saa nne usiku kwa bajaji, mzee kaegemea bega langu, mpira ukatolewa ukaingizwa mwingine, na mzee hana hata sauti ya kulalamika. Muuguzi wa zamu alitusema mpaka dada akalia. Kumbe vile vipunje havitakiwi kupondwa, na si kila mpira unavipitisha hata vikiwa vizima. Mzee alitutoka mwaka uliofuata kwa sababu nyingine, lakini usiku ule siusahau.

MkongeMrefu
Pole sana kaka. Basi hizi ni za vipunje. Vidogo, vyeupe, kama uwele uliokobolewa. Nilivimwaga kwenye sahani ya udongo nikavitazama vizuri, havina harufu. Nikajaribu kimoja kwa ulimi, kichungu cha mbali.

FundiSpana
*Nilivimwaga.* *Nikajaribu kwa ulimi.* Ndugu yako na wewe mnatumia ulimi mmoja?

MkongeMrefu
Haya. Ni mimi. Boksi limeandikwa Duloxetine 60 mg. Tuendelee.

MzeeWaKanisa
Nimelitafuta hilo jina sasa hivi. Hiyo ni dawa ya sonona! Kijana, mgongo umetoka wapi? Sisi tulifiwa, tulifukuzwa kazi mwaka wa marekebisho, tulilala njaa, na hatukumeza rangi mbili. Tulipiga magoti.

MkongeMrefu
Mzee, nimesema ni za mgongo.

MfamasiaWaZamu
Inawezekana kabisa. Duloksetini inatumika kwa sonona, kwa wasiwasi uliopitiliza, kwa maumivu ya mishipa ya fahamu ya wenye kisukari, na nchi nyingine pia kwa mgongo wa muda mrefu. Tusimhukumu mtu kwa boksi.

Sasa jibu lake. Duloksetini inaharibiwa na asidi ya tumbo. Ndiyo maana kila kipunje kina koti linalovumilia ukali wa tumbo na kulegea kikishafika kwenye utumbo, ambako ukali umepungua. Mtengenezaji anasema wazi: meza nzima, usitafune, usiponde, usifungue. Dawa nyingine za kundi hili zina masharti yao. Fluoksetini ya kapsuli ni unga, mara nyingi inaweza kufunguliwa ukikubaliana na mtoa dawa, na ipo hata ya maji. Venlafaksini ya kutoka polepole ina vipunje, lakini mtengenezaji anaruhusu kuvinyunyiza kwenye kijiko cha chakula laini cha baridi na kumeza hapohapo bila kutafuna. Yako haimo kwenye ruhusa hiyo.

Kuhusu koo: kapsuli ni nyepesi, inaelea. Ukiinua kichwa juu kama kuku anayekunywa maji, inabaki mbele mdomoni. Weka kapsuli juu ya ulimi, piga funda la maji, inamisha kidevu kifuani, meza. Mwaka 2014 watafiti wa Heidelberg kule Ujerumani waliijaribu mbinu hiyo, na wengi wa waliojaribu walimeza kirahisi zaidi.

Maswali matatu. Unachanganya na nini? Tangu lini? Na unakunywa kapsuli yote au sehemu?

DadaWaChangombe
Mzee wa Kanisa, shikamoo. Mimi nimetumia fluoksetini miaka miwili na kwaya sijakosa. Magoti na koo ni viungo tofauti, vyote vinaweza kufanya kazi siku moja. Baada ya kujifungua nilikuwa namwangalia mtoto kama mtoto wa jirani. Mama mkwe akasema nina jini, nikazungushwa kwa waganga wawili kabla dada yangu hajanibeba kwenda kliniki. Wiki tatu za mwanzo sikuona tofauti, ya tano nikajikuta naosha vyombo huku naimba. Zangu nilifungua kwenye maji kwa ruhusa ya daktari, lakini zangu zilikuwa unga. Usinakili kwangu mkuu.

MzeeWaKanisa
Marahaba binti. Sikukataza hospitali. Nimesema tu mwanaume.

DadaWaChangombe
Ndiyo hilohilo "tu" linaloua.

MkongeMrefu
Nachanganya na chai ya maziwa, iliyopoa kiasi. Leo siku ya 12. Nusu nusu. Namwaga vipunje kwenye sahani, nagawa kwa wembe mafungu mawili, fungu moja leo, jingine narudisha ndani ya ganda la kesho.

Kabla hamjanirukia. Hizi dawa nanunua Dar, zinakuja Korogwe kwa basi. Mwenye duka kasema mzigo haujaingia, nisubiri mwisho wa mwezi. Zilibaki 14. Nzima nzima ni siku 14, nusu nusu ni siku 28. Nilikaa nikapiga hesabu, sikukurupuka. Daktari aliyenianzishia yuko Dar, miezi minane sijarudi. Hospitali ya hapa mlango umeandikwa Afya ya Akili kwa maandishi ya kuonekana barabarani, na mimi nafundisha sekondari, nusu ya mji nimewashikia chaki. Nikionekana pale kesho nina jina jipya. Na mke wangu anajua ni za mgongo. Majuzi kaokota maganda matupu kwenye ndoo ya taka, kaniuliza natumia nini. Nikasema vitamini.

Swali langu ni lilelile, kufungua ni salama au si salama.

MfamasiaWaZamu
Swali limebadilika, mwalimu. Maswali ni mawili sasa.

La kwanza, chai ya maziwa. Katika vinywaji vyote umechagua kibaya. Hilo koti la vipunje linalegea pasipo na ukali, na maziwa hayana ukali. Kuna waliojaribu vipunje hivi kwenye rojo la tufaha, ambalo ni chachu, vikabaki salama kwa muda. Kwenye pudini ya chokoleti koti likaharibika. Chai yako iko upande wa pudini. Kwa hiyo dawa inaanza kuvuliwa koti kikombeni, halafu inatumbukia kwenye asidi uchi. Hata hiyo nusu huenda huipati.

La pili, umepunguza dozi ghafla kwa nusu au zaidi, baada ya miezi minane. Dawa hii haiachwi hivyo. Vipi kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, ndoto za ajabu, hasira?

MkongeMrefu
Nikigeuza macho haraka nasikia kama umeme unapita kichwani. Jasho usiku. Juzi nililia darasani kwa sababu mtoto kasahau daftari. Nikasema ni vumbi la chaki.

FundiSpana
Mwalimu pole. Lile la dona nalifuta.

HesabuZaMtaa
Wakuu mnadanganywa mchana kweupe. Hii ni CHAI, na ameipika mwenyewe ya maziwa. Kwanza ilikuwa ndugu. Kisha mgongo. Kisha vitamini. Mwalimu wa Korogwe lakini anaandika kama ana mhariri. Mtu anakusanya mada ya video hapa, tumuone mwezi ujao na kipaza sauti chake.

MajaniNaMizizi
Mimi nilishtuka mapema.

ShangaziMabawa
Wewe ulishtuka hujapata mteja.

MwanaWaMkunguni
Chai ama si chai, mie swali langu la nguruwe lingali pale pale.

HesabuZaMtaa
Na kuna ushahidi. Nilimuuliza pembeni amebakiwa na ngapi, akanijibu tano. Zilikuwa 14. Siku 12 nusu nusu ni kapsuli sita. Zibaki nane. Anazo tano. Tatu zimeliwa na panya? Mtunzi akisahau hesabu, hadithi inamuumbua.

DadaWaChangombe
Hata kama katunga, maelezo ya mfamasia si ya kutunga. Kuna mtu anasoma hapa kimyakimya na kapsuli mkononi.

MfamasiaWaZamu
Hesabu Za Mtaa, umeniwahi. Mwalimu, zile tatu?

MfamasiaWaZamu
Mwalimu, upo?

MkongeMrefu
Nipo. Nilikuwa nasahihisha.

Alhamisi usiku. Umeme wa kichwani ulikuwa umezidi, usingizi hakuna. Nikajisemea hizi siku zote nimejinyima, ngoja nifidie. Nikameza tatu kwa mpigo.

MfamasiaWaZamu
Nzima?

MkongeMrefu
Nzima. Kwa maji ya mtungi.

FundiSpana
Na koo?

MkongeMrefu
Zilipita.

MfamasiaWaZamu
Basi koo tuliache. Naomba unisamehe, nitauliza waziwazi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ulizimeza ili ufidie, au kulikuwa na wazo la kutotaka kuamka?

MkongeMrefu
Kufidia. Naapa. Wazo lile lilinijia mwaka jana, ndilo lililonipeleka Dar. Halijarudi. Nilitapika mpaka alfajiri, mke akadhani ni samaki.

MfamasiaWaZamu
Nashukuru umesema. Dozi iliyopita haifidiwi kwa kumeza mbili au tatu kwa mpigo. Usimwage chochote kwenye sahani tena. Kesho asubuhi nenda hospitali ya hapo na boksi lako, waeleze nusu nusu na zile tatu, kama ulivyotueleza. Zipo kapsuli za 30 mg, kupunguza au kupandisha kunafanywa kwa hizo, si kwa wembe. Wakikosa duloksetini, wanajua namna ya kukuhamishia nyingine. Pombe usiguse, dawa hii na pombe nyingi ni hatari kwa ini. Na wazo lile likirudi hata kwa dakika tano, usingoje asubuhi, mwamshe mkeo mwende.

HesabuZaMtaa
Mwalimu, mimi neno chai nalirudisha jikoni. Samahani. Nilikuwa na kaka. Naishia hapo.

MzeeWaKanisa
Kijana, kesho saa ngapi? Nina mtu wangu Korogwe anaweza kukusindikiza, wala hatakuuliza kitu.

MkongeMrefu
Asante mzee, nimeshatoka. Nilikwenda na baiskeli nikaiegesha mbali, kwenye soko, nikatembea. Pale dirishani nimekuta mwanafunzi wangu wa zamani, kidato cha nne A. Kanipa "shikamoo mwalimu!" kwa sauti ya mkutano wa hadhara, benchi zima likageuka. Kumbe benchini alikuwepo pia mhasibu wa shule. Tukatazamana. Akasogea nikakaa.

Nimeambiwa nimeze moja nzima kila siku kwa hizi tano, Jumatatu nirudi, wanafuatilia 30 mg kutoka Tanga mjini. Mke bado sijamwambia.

DadaWaChangombe
Maganda kashayaona. Mwambie kabla hajaanza kudhani ni kitu kibaya zaidi.

MkongeMrefu
Leo amepika samaki tena, nadhani ananipima.

MwanaWaMkunguni
Al-hamdulillahi. Sasa, jelatini.

MfamasiaWaZamu
Inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, na yapo maganda ya mimea yasiyo na mnyama kabisa. Kwa macho huwezi kujua. Nipe jina la dawa na la kiwanda nikuangalizie.

MwanaWaMkunguni
Si yangu mie. Ya ndugu yangu.