Baba aliyepooza upande wa kushoto anavaa mkono mmoja wa kanzu na kusema amemaliza. Tumsaidieje?

Binti wa Tabata ameuliza:

Ndugu zangu, habari za leo. Baba yangu, ambaye ni mstaafu, alipata kiharusi mwanzoni mwa mwaka huu akapooza upande wa kushoto. Anaongea vizuri, na sasa anatembea kwa fimbo ndani ya nyumba, lakini kuvaa kumekuwa mtihani. Anayemvalisha ni kaka yangu, na kwa kuwa kaka hulazimika kuondoka kabla ya foleni, mzee huvalishwa saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao hana haja ya kuvaa chochote zaidi ya msuli. Kaka akisafiri kazi hiyo hubaki kwangu, na nadhani mtanielewa nikisema kwamba zipo nguo ambazo si heshima binti kumvalisha baba yake, na yeye mwenyewe huona haya kuliko mimi.

Tukimwachia avae kanzu ya Ijumaa mwenyewe, huingiza mkono wa kulia, wa kushoto huuacha nje, kisha hutuambia yuko tayari. Tukimsahihisha hukasirika. Majirani wanasema ni utu uzima. Je, inafaa tuendelee kumvalisha, au ipo njia ya kumfundisha upya?

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayewafundisha wagonjwa kufanya tena shughuli za kila siku), Ilala amejibu:

Dada, pole kwa kuuguza. Kabla ya kuzungumzia namna ya kuvaa, ningependa ujiulize baba anakwamia wapi hasa, kwa sababu watu wawili waliopooza mkono uleule wanaweza kushindwa kuvaa kwa sababu tofauti kabisa. Yupo ambaye mkono hauna nguvu, yupo anayepoteza mizani anapoinama, na yupo ambaye ubongo wake umeacha kuuzingatia upande mmoja wa mwili na wa dunia inayomzunguka. Hili la tatu huwapata zaidi waliopooza upande wa kushoto, kwa kuwa kiharusi chao kimegusa upande wa kulia wa ubongo. Mtu wa namna hiyo hadanganyi anaposema amemaliza. Kwake yeye, mkono wa kanzu uliobaki haupo. Tazama sahani yake baada ya kula: je, chakula cha upande wa kushoto hubaki? Je, akinyoa ndevu huacha shavu la kushoto?

Ikiwa ndivyo, kumwambia "umesahau mkono" mara kumi hakutasaidia sana. Mzoezeni kutafuta. Shoneni uzi mwekundu kwenye ncha ya mkono wa kushoto wa kanzu, na kila anapovaa, kwa utulivu mwambieni autafute ule wekundu kwa macho kabla ya kugusa kitu kingine. Nguo ziwekwe mahali palepale na kwa mpangilio uleule kila siku, na redio izimwe.

Kuhusu kanzu yenyewe, aketi kwenye kiti kigumu kisichoyumba, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga sakafu. Vifungo vya shingo vifunguliwe mapema. Kanzu ilazwe mapajani, upande wa mbele ukitazama chini, shingo ikiwa magotini na pindo likiwa tumboni. Kwa mkono wa kulia auingize mkono uliopooza kwanza, avute kitambaa hadi kipite kiwiko na kufika begani, ndipo auingize mkono mzima, yaani wa kulia. Kisha akusanye mgongo wa kanzu kiganjani, ainame kidogo mbele na kuupitisha kichwani. Wakati wa kuvua, mkono mzima hutangulia na uliopooza hutoka mwisho. Jambo moja msilifanye kamwe: msimvute mkono ule, kwa kuwa bega lililolegea huteguka kirahisi na maumivu yake humkalisha mgonjwa muda mrefu.

Mwanzoni ninyi fanyeni hatua zote isipokuwa ya mwisho. Yaani mmvalishe mpaka kanzu ipite kichwani, naye ashushe pindo tu. Akiizoea hiyo, mwachieni na hatua iliyotangulia, mkirudi nyuma hivyo hivyo, ili kila asubuhi awe yeye ndiye aliyemaliza.

Mwana wa Temeke amejibu:

Nakubaliana na mtaalamu, ila naomba niweke tahadhari. Sisi tulimwachia mama avae kila kitu mwenyewe, na kwa joto hili la Dar es Salaam, alipomaliza blauzi na sketi alikuwa ameloa jasho na hana nguvu hata ya kunywa chai, seuze kufanya mazoezi. Sasa anavaa dera mwenyewe, na nguo za kutokea tunamsaidia. Sioni kwamba kusaidiwa ni kushindwa.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, Ilala:

Umesema kweli, na hata vipimo vyetu vinalitambua hilo. Katika kipimo cha Barthel, kinachopima uwezo wa mtu kujihudumia na kilichochapishwa mwaka 1965, kuvaa hupewa alama 0, 5 au 10, na anayehitaji msaada lakini akafanya karibu nusu ya kazi mwenyewe hupata 5. Kinachoandikwa ni kile mtu anachofanya kila siku, wala si kile anachoweza kufanya siku akiwa na nguvu. Kwa hiyo mzee wa Tabata anayevalishwa alfajiri ana sifuri, hata kama uwezo wa nusu anao. Ningeanza kwa kuihamisha saa yenyewe: kaka amwache na msuli, kuvaa kufanyike saa tatu ambapo amekwisha kupumzika.

Fundi cherehani, Mbagala:

Wateja wa namna hii ninao. Shati halihitaji kubadilishwa sura: vifungo hubaki juu kama pambo, chini yake tunashona utepe wa kunata (velkro), ambao Kariakoo unauzwa kwa mita. Suruali itolewe zipu na kuwekewa mpira kiunoni. Kwa kanzu, mwambie fundi aongeze mpasuo wa shingo na kutanua kwapa la kushoto. Ukileta nguo inayomkaa vizuri tunapima juu yake, mzee hana haja ya kuja.

Binti wa Tabata:

Nawashukuru wote. Nimeitazama sahani kama nilivyoelekezwa: wali wa kulia umekwisha, mchicha wa kushoto haujaguswa. Bado suruali, ambayo ndiyo inayotutia haya.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, Ilala:

Basi mwone mtaalamu ana kwa ana. Vitengo vya tiba kwa vitendo vipo katika hospitali za Muhimbili na CCBRT, na mweleze habari ya sahani. Kwa suruali ya mpira, akiwa ameketi aukunje mguu wa kushoto juu ya paja la kulia, avishe mguu huo hadi gotini, aushushe, kisha avae wa kulia na kuivuta hadi mapajani. Kama kusimama bado kunamyumbisha, alale kitandani, akunje magoti na kuinua nyonga huku akiivuta. Nawe waweza kukaa nje ya mlango ukimtajia hatua inayofuata, mradi kaka au mtaalamu awe amekwisha kumwona akifanya hivyo bila kuanguka.