Kikosi cha usalama, meli za Antaktika: nijifue kwa lipi?

mtoto_wa_feri: Wakuu, mimi ni baharia wa sitaha mwenye STCW ya msingi (mafunzo ya kimataifa ya usalama wa mabaharia), meli ya watalii ya Ushuaia, Argentina, kwenda Antaktika, nimepangwa kikosi cha usalama. Nijifue kwa lipi? Na cheti cha maji ya ncha za dunia nakihitaji?

Bosan_Kigamboni: Cheti hicho kinawabana nahodha, chifu ofisa na maofisa wa zamu ya uongozaji. Wewe utaelekezwa melini vifaa na taratibu za kituo chako.

Jifue kwa suti ya kuokolea, lile vazi la mwili mzima la kukukinga na maji baridi. Kanuni ni kuivaa peke yako ndani ya dakika 2. Itandaze chini, kaa, ingiza miguu (ukivisha buti mfuko wa plastiki zinateleza), kisha mkono dhaifu, kofia, mkono wenye nguvu, zipu. Kabla ya kumaliza zipu chuchumaa hewa itoke. Ikibaki miguuni, majini miguu inaelea juu ya kichwa. Zipu ikikauka chumvi hugoma kifuani, kwa hiyo ipakwe nta kila ukaguzi wa mwezi.

Msifikirie msaada uko karibu. Polar Code, kanuni za kimataifa za meli za maji ya ncha za dunia, inataka vifaa vya kujiokoa vihesabiwe kwa siku zisizopungua 5.

mama_nanga: Bosan kasema suti, ila siku nyingi utashinda kwenye ngazi ukipakia watu kwenye Zodiac, boti ndogo ya mpira ya kujazwa upepo. Mkamate abiria kiganja chako kwenye kigasha chake, naye akukamate vivyo hivyo. Glavu mbichi kwa glavu mbichi huchomoka. Anakanyaga boti ikiwa juu ya wimbi, si ikiwa inashuka. Kamba ya mbele usiifungue mpaka mashine imewaka, na dereva ajifunge kamba ya kuzimia injini: akidondoka bila hiyo, boti humzunguka na pangaboi linakata.

Tena, boti iliyojazwa upepo ikiwa sitahani juani, ikigusa maji ya nyuzi 0 hulegea, maana hewa husinyaa. Pima tena ikiwa majini.

Ufukweni hawazidi abiria 100 kwa mpigo, na buti zinasuguliwa kwa dawa kwenda na kurudi, msipeleke mimea wala vijidudu vya kigeni. Mbegu moja kwenye velkro ni kosa.

mtoto_wa_feri: Shukrani. Suti ni saizi moja?

Bosan_Kigamboni: Zipo za watu wakubwa, wa kawaida na wadogo. Mfupi akivaa ya kawaida, uso hauzibi vizuri na maji yanaingia shingoni. Ijaribu siku ya kwanza, kabla meli haijatoka Beagle, mlango wa bahari wa Ushuaia.