Laki sita na arobaini kwa mlo wa usiku mmoja: tunalipia nini hasa?

Mwanzisha mada, Dar

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, naomba tulijadili, na msimamo wangu nauweka mwanzoni kabisa. Mimi siamini kwamba chakula cha bei mbaya ni wizi. Naamini kipo chakula kinachostahili laki moja sahani. Kinachoniuma ni kwamba hapa kwetu hiyo laki tunampa mtu siye, na yule aliyestahili tunamkatalia elfu kumi na tano.

Iko hivi. Mwezi uliopita tumetimiza miaka 10 ya ndoa, nikampeleka mke wangu kwenye mgahawa wa hoteli moja ya huko Masaki, jina nalihifadhi. Niliweka akiba miezi mitano kwa ajili ya siku hiyo. Sahani 7, zinakuja mojamoja, mhudumu anaeleza kila moja kabla hujagusa. Ya tatu ilikuwa pweza. Vipande viwili, kila kimoja ukubwa wa dole gumba, vimekaa katikati ya sahani nyeupe kama sinia, pembeni povu la tui la nazi na matone ya mafuta ya kijani. Kijana aliyetuhudumia, mpole sana, akatwambia pweza huyu katoka Kilwa. Tukala. Alikuwa laini na mtamu, siwezi kusema uongo. Mke wangu akaniinamia akaninong'oneza, "Baba watoto, huyu si ndo yule wa pale kituoni?"

Na kweli ndo yule. Kituoni kwetu Mbagala jioni kuna kijana ana kimeza na taa ya chaji, pweza mzima amelala kwenye sinia mikia imejikunja, rangi ya zambarau, kijana anamkata kwa kisu kidogo kimechakaa, unachoma kipande na kijiti, unachovya kwenye pilipili, unashushia na supu ya moto kwenye kikombe. Vipande vitano na supu yako hufiki elfu tatu. Ulaini ni uleule. Huwa namuuliza siri yake, ananiambia anampiga kwanza vya kutosha halafu anambandika bila maji, pweza anatoa maji yake mwenyewe, ukimwekea maji mapema umemharibu. Hiyo ni elimu, hakuzaliwa nayo.

Bili ilikuja laki 6 na 40 kwa watu wawili, na kinywaji tulichukua kimoja kimoja tu. Nililipa, sikugomba na mtu, nilikuwa najua bei kabla ya kwenda. Lakini usingizi ulinigomea. Nikawa nawaza, kabla ya mpishi wa hotelini na kabla ya kijana wa kituoni kuna mwanamke wa pwani huko kusini aliyengoja bamvua, maji yakatoka, akaingia miambani na fimbo yake kuchokoa shimo moja baada ya jingine, miguu imekatwa na matumbawe, akapata pweza wawili watatu akamuuzia mchuuzi palepale ufukweni kwa bei anayoitaja mchuuzi. Katika ile laki 6 na 40 yeye yuko wapi? Mimi simuoni. Kwa hiyo swali langu ni hili, mtu akikwambia chakula hiki ni ghali kwa sababu kina kazi nyingi, kazi ya nani?

Mchangiaji, Arusha

Nimefanya kazi jikoni miaka 9, hoteli za kitalii, acha nikupe hesabu ya ndani. Sehemu nyingi tunafundishwa gharama ya malighafi isizidi kama asilimia 30 ya bei ya kwenye menyu. Theluthi nyingine inakwenda kwa wafanyakazi, iliyobaki ni pango, umeme, gesi, vyombo vinavyovunjika, VAT asilimia 18, ndo utafute faida. Pale Masaki pango peke yake linakula mtu. Kwa hiyo ulilipia pweza kidogo, ukalipia bahari mnayoiangalia sana. Simtetei mwenye hoteli ila watu wanadhani anaweka yote mfukoni, hapana.

Ila hapo kwenye kazi ya nani umegusa kidonda. Ile sahani ya vipande viwili inapita mikono mitano au sita, na katika hiyo mikono wawili ni vijana wa field kutoka vyuoni, hawalipwi, wakipewa nauli wanashukuru. Mimi mwenyewe nimemenya karoti na kuchambua majani kwa koleo ndogo kama ya nyusi miezi mitatu bila senti. Na si Tanzania tu. Noma ya Copenhagen, ambayo imetajwa mgahawa bora duniani mara 5, ilikuwa na wanafunzi wanaofanya kazi bure mpaka 2022 ndo ikaanza kuwalipa. Haikupita muda, Januari 2023 René Redzepi, mpishi mwenye mgahawa huo, akatangaza anaufunga kama mgahawa wa kawaida, akasema hesabu haiwezekani, huwezi kuwalipa watu vizuri, ukabaki na ubora ule na bei ambayo soko linaibeba. Mlo pale ulikuwa dola 500 kwenda mbele kwa mtu. Sasa kama dola 500 haitoshi kuwalipa waliopika, ujue kuna mtu alikuwa anachangia bei kwa jasho lake.

Mchangiaji, Nairobi

Mi naona mnamuonea mtu bure. Kuna msee amenunua simu ya laki mbili za Kenya, hakuna mtu amemfungulia mjadala. Mwingine anaenda game ya mpira Ulaya, nauli, hoteli, tiketi, dakika 90 imeisha, anarudi na picha. Lakini mtu akila sahani ya elfu kumi mnasema amechoma pesa. Chakula kizuri ni kumbukumbu pia. Bibi yako amekunong'oneza kitu kwa meza hiyo na wiki mbili baadaye bado unaandika juu yake, sasa hiyo pesa imepotea aje?

Halafu hakuna anayelazimishwa. Bei imeandikwa, na huku kwetu juu yake kuna VAT 16% na ile levy ya utalii 2% na wengine wanaongeza service, unajua kabla ujikalishe. Na msiseme chakula chetu hakiwezi. Carnivore hapa Nairobi iko tangu 1980, nyama choma tu, inachomwa kwa makaa, wanapita na mshikaki mrefu kama panga wanakukatia kwa sahani mpaka useme basi. Mwaka wa 2002 iliingia kwa list ya migahawa 50 bora duniani. Nyama choma hiyo, ile tunakula kila mtaa. Mwenyewe alikataa kuomba msamaha juu ya nyama, akaiwekea meza, akaiwekea bei.

Mchangiaji, Unguja

Miye ni mama, napika shughuli, harusi na hitma, mwaka wa 22 huu. Nimesoma yote haya nikasema leo na mimi niandike.

Mnalijua boko boko? Ngano inaroweshwa tangu jana yake, nyama inachemshwa mpaka inaachana na mfupa wenyewe, halafu vinapondwa pamoja kwa mwiko mkubwa juu ya moto mdogo, saa tatu, saa nne, huwezi kuacha maana likishika chini sufuria nzima inanuka moshi. Mkono unauma mpaka bega. Halafu samli juu na vitunguu vilokaangwa vikawa rangi ya asali, sekunde kumi zaidi vinakuwa vichungu na umepoteza kilo tano. Kisha biriani, mchele na masala vinapikwa mbali mbali, zafarani inarowekwa, sufuria inafunikwa makaa yanapaliwa juu ya kifuniko, na hapo hakuna saa, unanusa tu.

Sasa mteja nikimwambia elfu 15 sahani, ananambia "dada, mbona ghali, si wali huo?" Mteja huyohuyo, nakuapieni, namjua, kishamlipia mgeni wake hotelini sahani moja ya tambi kwa elfu 60 na akapiga picha. Simlaumu kula tambi. Lakini wali wangu aniite wali tu, na tambi za mwenzangu aziite chakula?

Mchangiaji, London

Mama wa Unguja nimekusoma nikatulia kidogo. Huku nilipo nimeona kitu. Adejoké Bakare, mama wa Kinaijeria, alianza kwa kupikia watu mlo wa jioni kama shughuli ya pembeni, 2020 akafungua mgahawa wa Chishuru pale Brixton, baadaye akahamia katikati ya mji, na Februari 2024 akapewa nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa, mwanamke mweusi wa kwanza Uingereza kuipata. Anapika cha Afrika Magharibi, anakiita kwa majina yake, na wazungu wanajifunza kuyatamka. Nimekula pale mara moja. Ilinigharimu, na sijajuta hata siku moja. Nilitoka nikijiuliza sisi wa pwani wetu yuko wapi.

Lakini tusiiabudu hiyo nyota pia, ni kitabu cha kampuni ya matairi, kilianza Ufaransa 1900 ili watu wenye magari wasafiri zaidi. Na hata wao 2016 walimpa nyota Chan Hon Meng wa Singapore, muuza kuku na wali kwenye kibanda cha sokoni, sahani dola 2 za kule. Kwa hiyo hata hao wenye vitabu wanajua utamu haukai kwenye bei.

Mchangiaji, Mafia

Mnaongea vizuri ila mmesahau jambo moja. Mkishaufanya ugali samaki na pweza kuwa chakula cha laki, sisi huku tutakula nini? Mimi nimeona kwa macho, pweza wakubwa wote wanakwenda kwenye barafu, vinavyobaki kijijini ni vidogo. Mahoteli yakiongezeka bei inapanda na mama mwenye watoto watano anashindwa kununua kitu kilichotoka mita mia mbili kutoka mlangoni kwake. Msije mkaheshimu chakula chetu mpaka kikatutoka mdomoni.

Mwanzisha mada, Dar

Nimerudi, nawashukuru wote.

Ndugu wa Nairobi, hoja ya simu naikubali na sitaibisha, pesa ya mtu ni yake, na kumbukumbu ni kweli imebaki. Lakini mimi sikuuliza kama ni halali kula ghali, niliuliza nani analipwa. Na mfano wako wa Carnivore ndio unanipa nguvu zaidi, kwa sababu pale watu walilipia kitu cha hapahapa kikiwa na jina lake. Kule nilikokula mimi menyu nzima haikuwa na neno pweza, lilikuwa neno la kigeni, na tui la nazi lilikuwa povu tu, kama vile likibaki tui litaaibisha meza.

Wa Mafia, wewe umeniumiza na sina jibu kamili. Ila naona jambo moja, pweza tayari anaondoka, sasa hivi, hatujasubiri heshima yoyote. Anaondoka kwa bei ndogo kwa mvuvi na bei kubwa mezani. Kama lazima aondoke basi angalau bei ipande kuanzia mwambani, sio kuanzia mlango wa hoteli. Nimesikia ziko sehemu huko pwani na visiwani wanavijiji wenyewe wanafunga miamba kwa miezi ili pweza akue, wakifungua wanavua wakubwa. Hapo mwenye mali ndiye anayesema lini na kwa kiasi gani. Mimi mlaji, kwa pweza wa namna hiyo niko tayari kulipa, hata nikila mara moja kwa mwaka.

Wa Arusha, kuhusu vijana wa field, hapo ndipo mimi naweka mpaka wangu kuanzia leo. Mgahawa ukiniandikia laki tatu kwa kichwa nitauliza, na nitauliza bila kuona haya, hao waliochambua majani wamelipwa? Ferran Adrià wa Hispania alikuwa na wapishi zaidi ya 40 kwa wageni kama 50 pale El Bulli, wengi wakiwa wa kujifunza bure, na bado mgahawa wenyewe ulikuwa unakula hasara, pesa inatoka kwenye vitabu na mihadhara, mpaka akaufunga 2011. Watu wanausifu mpaka kesho. Mimi nauheshimu ufundi wake lakini siwezi kusema ile ilikuwa bei ya kweli.

Na mama wa Unguja, shikamoo. Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta tangu niandike mada hii bila kujua. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama mmoja hapa mtaani kwetu, mwenyeji wa Tanga, anapika maulidi na harusi, nikamwambia nataka anipikie watu 8 nyumbani, pweza wa nazi, biriani na mkate wa kumimina, achague mwenyewe vitu sokoni, asibane matumizi, na anitajie bei ya kazi yake peke yake, mbali na vitu. Alikaa kimya. Akauliza, "Ya kazi tu, mwanangu?" Nikasema ndiyo mama, ya mikono yako. Akatazama chini, akachora chora mkeka kwa kidole, akasema elfu 20. Siku mbili nzima za kazi.

Nikamwambia mama hiyo sitoi, taja nyingine. Akacheka akidhani namtania. Tumekubaliana nirudi Alhamisi, amesema anataka kwanza aongee na binti yake.